Samaki Aliyepikwa Nusu

Kwa mama yangu, safari haianzi na tiketi. Inaanza na sufuria. Ni sufuria ya aluminiamu iliyobonyea upande mmoja, na kifuniko chake si chake, kilitoka kwenye sufuria nyingine iliyopotea njiani. Tulipokimbia Uvira, kule Kongo, aliibeba kichwani. Kambini, upande wa Tanzania, ilipika maharage ya mgao miaka yote ile. Na alipofika Sydney mwaka jana, baada ya mimi kumngoja mpaka nikakaribia kukata tamaa, sufuria ilikuwa ndani ya begi lake imezungushiwa kitenge, na ndani yake kulikuwa na viatu vyake vya kanisani. Ndiyo maana mimi na kaka yangu tunajua: mama akiiosha sufuria ile akairudisha ndani ya begi, usipoteze maneno, ameshaondoka.

Asubuhi moja wakati wa Kwaresima niliikuta imerudi ndani ya begi, viatu vya kanisani ndani yake. Chanzo kilikuwa samaki na chipsi.

Chakula hicho nilikuwa nakijua kutoka kazini. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na Blacktown, na Ijumaa ndiyo siku yake. Wazee wangu wa Kizungu, ambao siku nyingine hunigombeza kwa sababu chai imepoa, Ijumaa huwa wapole tangu asubuhi. Bibi mmoja alinisimulia kwamba utotoni mwake kanisa lilikataza nyama siku hiyo, basi baba yake alirudi nyumbani na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, na wao watoto walikula huku wakisoma habari za zamani zilizolowa mafuta. Baadaye gazeti likakatazwa kwa sababu ya wino. Mpaka leo anaamini kwamba samaki amepungua utamu tangu hapo. Mzee mwingine, aliyekulia Melbourne, alinuniana na jirani yake wiki nzima kwa ajili ya kipande cha kiazi kilichochovywa kwenye unga na kukaangwa. Hapa Sydney kipande hicho kimepewa jina la kombe wa baharini, na kwao Melbourne wanakiita keki. Ni kiazi kilekile. Nilijaribu kuwapatanisha nikaambiwa haya si mambo ya wageni.

Na kuna chumvi ya kuku, ya kunyunyiza kwenye chipsi, ambayo mara nyingi haina kuku. Hiyo sikuuliza. Mtu akiuliza kila kitu katika nchi ya watu atazeeka kabla ya kula.

Mimi mwenyewe, nasema kweli, mwanzoni samaki huyo nilimdharau. Hana kichwa, hana mwiba, hana mkia, amevaa koti la unga kama mtu anayewakwepa polisi. Mara nyingine ni papa mdogo, mara nyingine ni samaki aliyegandishwa akavuka bahari kwa meli, na mwenye kula haulizi. Kwetu ziwani samaki anakutazama wakati unamla. Ni heshima ya pande zote mbili.

Sasa nimlete binti yangu. Alifika nchi hii akiwa mgongoni mwangu, leo ananipita kwa urefu. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ninachonong'ona kwenye simu, lakini majibu yake ni ya Kiingereza. Ukimkaripia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, tena kwa ufasaha, ili ujue kwamba karipio limefika. Mimi nilikuwa nimezoea. Mama yangu hakuzoea.

"Huyu mutoto ananisikiaka," aliniambia wiki za kwanza. "Mimi simusikii. Sasa tutazungumuza namna gani?"

"Atajifunza, mama."

"Samaki mukunje angali mubichi. Huyu wako umeshamukaanga."

Niliumia, kwa sababu alisema kweli. Kaka yangu anaishi Adelaide, na watoto wake wanaongea Kiswahili kama redio, maana mke wake ni mkali, hawapi chakula mpaka wakiombe kwa Kiswahili. Kaka alikuwa amemwambia mama kwamba tiketi ipo, siku yoyote, aseme tu. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuwa anatupima. Na mimi, niliyemngoja miaka yote ile, nilikuwa naogopa kama mwanafunzi siku ya matokeo. Sikutaka mama yangu aondoke kwangu kwa sababu hakuna mtu wa kuzungumza naye mchana.

Kwaresima ilipoanza binti yangu alipata kazi, Ijumaa baada ya shule na Jumamosi, katika duka la samaki na chipsi karibu na stesheni. Duka ni la Mgiriki mmoja. Mama yake, bikizee wa nguo nyeusi, hukaa kwenye kiti karibu na friji akikata malimau na kuwatazama wateja kama anawachagulia wachumba. Maduka ya namna hii mengi hapa yalianzishwa na Wagiriki. Walifika bila lugha, wakafungua duka la chakula cha Waingereza, na Waingereza wakapanga foleni.

Alipopata kazi nilimweleza desturi. Kwetu, mshahara wa kwanza wa mtoto haumalizwi na mtoto. Ananunua kitu, anampelekea mkubwa wa nyumba. Mkubwa anaonja, kisha anaitemea mate membamba mikono iliyofanya kazi, na kusema maneno ya baraka. Bila hivyo pesa za mtoto zitakuwa za kupita tu, kama maji kwenye kikapu.

"Mum, that's so gross," alisema, uso umekunjamana kwa kinyaa. Akarudi kwenye simu yake. Baada ya muda, bila kuinua macho, akauliza, "Which hand?"

"Both," nikamwambia.

Ijumaa ya malipo yake ya kwanza mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo yaliyotokea nayajua kwa kusimuliwa na pande zote mbili, kila upande ukilia kwa namna yake. Binti alirudi na kifurushi. Alikifungua mezani kama anavyoona wateja wakifanya: karatasi nyeupe inatandazwa, samaki katikati, chipsi kuzunguka, watu wote mikono humo humo, bila sahani. Akaweka na vipande vya limau. Akamwambia bibi yake, kwa Kiingereza, kwamba hiki ni cha mshahara wake wa kwanza na ni cha bibi. Kisha akaenda bafuni kunawa, ili mikono iwe safi kwa ajili ya mate.

Mama alisikia neno "Bibi," akasikia neno la samaki, akafurahi kwamba mtoto ameleta mboga. Akamvunja samaki kidogo kwa kidole. Akaona amekaangwa, vizuri, lakini mkavu, hana chochote. Sasa yeyote aliyezaliwa kwetu anajua kwamba kukaanga samaki si mwisho wa kupika, ni mwanzo. Unamkaanga ili asivunjike, kisha unakata vitunguu na nyanya, unatia pilipili, unamrudisha mchuzini ajifunze adabu, ndipo unasonga ugali. Samaki mkavu hapewi hata mgeni usiyempenda. Mama akaona mjukuu wake ameuziwa chakula kilichopikwa nusu, na kwa huruma akaamua kukimalizia. Akavuta sufuria yake. Akamtia samaki. Akatia na chipsi, kwa sababu viazi na mchuzi ni ndugu.

Binti alipotoka bafuni, mikono yake ikiwa bado na maji, karatasi ilikuwa tupu.

Nilifika nikakuta nyumba kimya. Jikoni sufuria imefunikwa. Ndani yake koti la unga lilikuwa limemvuka samaki, limegeuka uji mwekundu, na chipsi zimelala humo hoi. Nilionja kwa ajili ya amani. Ilikuwa mbaya.

Mlango wa chumba cha binti ulikuwa umefungwa. "She cooked it, Mum," alisema kutoka ndani. "It was already cooked, and she cooked it."

"Ulimwambia ni cha nini?"

"I told her!"

"Kwa lugha gani?"



Nikarudi kwa mama jikoni nikamweleza. Alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini taratibu.

"Ya kwanza? Njo ya mushahara yake ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Na ananawa mikono sababu ya baraka yangu. Mimi nikasema mutoto ana njaa, anataka kukula." Akakaa kwenye kiti. "Baraka ya mutoto nimeipika."

Nilimwambia si kitu, watu hukosea, mtoto atalala ataamka amesahau. Lakini mama yangu ni mtu wa zamani. Mkubwa kwao haombi msamaha kwa mtoto, anaondoka tu na aibu yake, wengine wapumue. Asubuhi ndipo nilipoikuta sufuria ndani ya begi. Akaniambia niongee na kaka yangu, baada ya Pasaka aende, mtu mkubwa anayeharibu baraka ya mtoto anakaa kwa watu kufanya nini.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na mtoto, na yule aliyebuni samaki wa kuvaa koti. Nikasafiri kwenda kazini ndani ya treni nikiwa nimenuna, na nikinuna huwa napenda kujua chanzo cha kitu ili nijue wa kumlaumu. Nikaanza kusoma kwenye simu habari za samaki na chipsi. Nikasoma mchana, nikasoma na usiku, mpaka hasira ikawa kitu kingine.

Jumapili baada ya ibada, aliyokwenda na kandambili viatu vikiwa bado ndani ya begi, nikamkalisha mama na chai.

"Mama, wale samaki si wa Waingereza."

"Ni ya nani?"

"Wanasema walioleta namna ile ya kukaanga ni Wayahudi waliofukuzwa Ureno na Uhispania, zamani sana, kwa sababu ya dini yao. Wakaenda mpaka London."

Akaweka kikombe chini. "Bakimbizi?"

"Wakimbizi kabisa. Siku yao ya Sabato hawawashi moto. Basi Ijumaa walimchovya samaki kwenye unga, wakamkaanga, wakamweka. Kesho yake wanamla wa baridi. Ule unga ndio uliomlinda asiharibike."

 Mama ni mpishi, na mpishi ukimpa sababu anaisikiliza. "Sasa kwa hao," akasema, "kukaanga ilikuwa mwisho. Hakuna moto ingine nyuma."

"Hakuna, mama."

"Kumbe ilikuwa imeisha." Akatazama mlango wa binti. "Na viazi?"

Hapo nilijua nimempata. Nikamwambia viazi vinagombaniwa. Wafaransa wanasema ni vyao, Wabelgiji wanasema ni vyao, na hakuna mwenye hakika. Lakini Wabelgiji wana hadithi. Wanasema kulikuwa na watu maskini kando ya mto, chakula chao ni samaki wadogowadogo wa kukaanga. Mwaka mmoja baridi ikazidi, mto ukaganda, samaki hawavuliki. Wanawake wakachukua viazi, wakavikata vyembamba kwa umbo la wale samaki, wakavitia kwenye mafuta, ili watoto wasione tofauti.

"Ndakala!" mama akapiga kelele. Ndilo jina la dagaa kwetu, na chipsi tunaziita frites. "Frites njo ndakala!"

"Ndiyo hadithi yenyewe."

"Babelgiji! Tumekaa nabo miaka yote ile, banatupiga fimbo, na hii hawakutuambia!" Akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Ijumaa. Kisha akashika tena kikombe. "Watu bakimbizi na watu benye njaa," akasema. "Njo chakula yabo mutoto aliniletea." Akaniuliza kama duka lile liko mbali.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa na zamu ya asubuhi, kwa hiyo alasiri tulienda wote wawili kwa miguu, yeye amevaa kitenge chake cha kanisani. Dukani kulikuwa na foleni ya mafundi wenye fulana za rangi ya chungwa. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, nywele ndani ya kofia, glovu mikononi, akijaza chipsi kwenye karatasi. Alituona. Uso wake ulijifunga kama dirisha.

Niliagiza. Tukakaa kwenye kimeza cha dirishani. Mama akaifungua karatasi mwenyewe, akaitandaza, akanawa mikono kwa maji ya chupa aliyokuja nayo. Akamvunja samaki, koti na nyama pamoja, akatafuna taratibu, macho yamefumba. Akameza. Akachukua chipsi moja ndefu, akaishika kwa mkia wake. "Ndakala," akasema, akala. Hakuomba pilipili. Kwa mama yangu hilo ni jambo kubwa.

Kisha akasimama akaenda mpaka kaunta, akampita fundi mmoja bila kumwona.

"Leta mikono," akamwambia mjukuu wake.

Mimi kazi yangu ni kunawa mikono kutwa. Nilijua sheria za mahali pa chakula, nilijua mate ni nini, nikaona tayari mtoto amefukuzwa kazi. Nilifungua mdomo, lakini binti alikuwa ameshanitazama, kisha akamtazama tajiri wake, kisha akavua glovu moja, na ya pili.

"Not in here, Bibi," akasema, na akatoka nyuma ya kaunta, akamshika kiwiko, akamtoa nje mpaka kando ya barabara, mbele ya kioo cha duka, na mimi nikawafuata mpaka mlangoni. Hapo akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Nilimwambia mimi, both, na hakusahau.

Mama akavishika vidole vyake. Akatema mate membamba, kama umande, kulia na kushoto.

"Hii mikono isikose kazi. Isikose ya kukula, isikose ya kugawa. Kwenye itagonga, bafungue. Ile siku nilikosea, mutoto yangu, sikujua imeisha."

Binti alikuwa akilia, mdomo umekunjwa kama alivyokuwa akilia utotoni. Na mama yangu, ambaye kwao mkubwa haombi msamaha, alikuwa ameuomba mbele ya foleni nzima. Mimi pia nililia, bila aibu, nikiwa nimeshika chipsi.

Waliporudi ndani, tajiri alikuwa amesimama karibu na sinki, kidole kikionyesha maji. Hakuwa na ubaya. Sheria ni sheria. Binti alisimama katikati ya duka, viganja bado juu.

"My grandma blessed them," akasema. "Can I just... not yet?"

Bikizee wa nguo nyeusi akauliza kitu kwa Kigiriki, mwanawe akamjibu akinyoosha mkono kuelekea nje. Bikizee akaacha malimau yake. Akaja polepole mpaka mbele ya binti yangu, akamtazama, akamtazama na mama yangu. "Ftu, ftu, ftu," akatema mate makavu hewani, mara tatu, akapiga ishara ya msalaba. Baadaye nilielezwa kwamba hata kwao mtoto anayependeza hutemewa mate, ili jicho baya limpite. Wakati ule hakuna aliyeeleza, na mama yangu hakuhitaji maelezo. Alitikisa kichwa kwa heshima, mkubwa kwa mkubwa.

Tajiri akatazama dari. Akapumua.

"Till," akasema. "You touch the money. You don't touch the food."

Siku ile binti yangu hakushika samaki wala chipsi. Alipokea pesa mpaka duka likafungwa, kwa mikono ambayo haijanawishwa.

Usiku ulikuwa umeshaingia aliporudi nyumbani. Mama alikuwa mezani, mimi napanga vyombo. Begi lilikuwa bado nyuma ya mlango wa chumba chake, limefungwa, na mimi nilikuwa nimejikataza kuliulizia. Tulichokiona dukani kilikuwa kizuri, lakini mtu anaweza kubariki kisha akaondoka; wazee wengi hufanya hivyo.

Binti akaweka kifurushi mezani, mbele ya bibi yake, akakifungua. Alikuwa samaki mzima. Ana kichwa, ana mkia, ana macho, amekaangwa bila unga, namna bikizee yule anavyomkaangia mwanawe kwa chakula chao wenyewe. Kando yake akaweka nyanya, vitunguu, na pilipili mbili nyekundu za dukani. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

"Bibi," akasema. "Hii bado. Wewe malizia. Mimi naangalia."

Mama akamtazama samaki, na samaki akamtazama mama. Mimi, kwa kiherehere changu, nikachukua sufuria yangu mpya isiyogandisha chakula, nikamsogezea.

"Hiyo?" akasema mama. "Toa hapa."

Akainuka, akaingia chumbani.  Tukasikia zipu ya begi, ndefu, mpaka mwisho. Kisha tukasikia viatu vya kanisani vikianguka sakafuni, kimoja, halafu cha pili.